Anayetaka uvuvi wa fimbo aanze na macho na miguu

Kijana wa Kigoma akiniuliza habari za ule uvuvi wa fimbo wa baharini, wa mtu kusimama kwenye maji ya magotini na kumtupia samaki chambo cha manyoya, swali lake la kwanza karibu kila mara ni bei ya fimbo. Namjibu kwamba fimbo ije mwisho. Kwanza ajue kuyatazama maji, kisha ajue kutembea ndani yake. Hayo mawili anaweza kujifunza hapa hapa ziwani bila kutoa shilingi. Tena naamini sisi watu wa Ziwa Tanganyika tunaishi mlangoni pa darasa ambalo wengine hupanda ndege kulifuata.

Kwa asiyeujua, uvuvi huu una mambo yake. Mshipi tuliouzoea hufungwa risasi, na ukirusha ni risasi inayovuta mshipi kwenda mbele. Hapa risasi hakuna. Chambo ni nyuzi na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano yafanane na kamba au kaa mdogo, mepesi kiasi kwamba ukiyarusha kwa mkono hayafiki popote. Kinachoyabeba ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, ukipelekwa nyuma na mbele kwa fimbo. Samaki wanaowindwa, wa jamii ya Albula (kwa Kiingereza bonefish) kwa mfano, hupanda na maji yanapojaa, wakaja kula kaa na kamba kwenye mchanga na nyasi za bahari, kisha hurudi maji yakianza kupwa. Shelisheli, Bahamas na kusini mwa Florida wamejipatia jina kwa uvuvi huo. Na huko mvuvi harushi ovyo akingoja bahati. Anamtafuta samaki kwa macho, na akishamwona ndipo anarusha. Asiyeona hana pa kurushia, hata awe na fimbo ya mamilioni.

Kwa hiyo macho. Albula ana magamba ya fedha yanayoakisi rangi ya mchanga alipo, na mara nyingi kinachoonekana kwanza ni kivuli chake chini, au mkia unaochomoza anapoinamisha kichwa kuchimbua chakula. Jicho linalokamata kivuli cha namna hiyo halinunuliwi dukani, linazoezwa. Nenda ufukwe wa Ujiji au Katonga asubuhi kabla upepo haujaamka, jua likiwa limepanda kidogo na liko mgongoni kwako. Usiutazame uso wa maji. Pitisha macho chini yake, kwenye mchanga. Mwanzoni utaona mchanga tu. Ukivumilia utaanza kuona visahani vilivyochimbwa kwa mpangilio, na hapo ujue ni viota, maana samaki wengi wetu wa pembeni madume yao huchimba mchanga kuita majike. Utaona magamba ya konokono yaliyogeuzwa nyumba na samaki wadogo wasiozidi kidole. Ukibahatika utamwona kuhe, mkubwa kuliko samaki wote wa ukoo wake wa sikilidi duniani, baba na mama wakilizunguka kundi la watoto na kumfukuza kila anayesogea. Mtu akishaweza kumtofautisha kuhe na kivuli cha wingu mita kumi mbele yake, huyo mpeleke bahari yoyote.

Kitu pekee ninachomwambia mtu anunue mapema ni miwani ya polaroidi, ile inayokata mng'aro wa maji, pamoja na kofia yenye ukingo mpana. Bila miwani hiyo, saa sita mchana unatazama kioo.

Miguu nayo ina somo lake. Maji hupeleka habari mbali. Mtu anayetembea kwa haraka husukuma kiwimbi mbele yake, na samaki hukisikia kabla hajamwona mwenye miguu. Hatua iwe fupi, mguu usiinuliwe juu ya maji, na kila baada ya hatua chache usimame utazame. Baharini kuna sababu nyingine ya kuburuza nyayo: samaki waitwao taa hulala wamejifukia mchangani, na ukimkanyaga mgongoni mwiba wake haukusamehe. Ukimgusa ubavuni kwa unyayo unaoteleza, yeye mwenyewe huondoka. Ziwa letu halina taa, lakini lina mamba na viboko, hasa karibu na mlango wa mto Malagarasi na penye matete, na kuna kichocho penye majani na konokono karibu na makazi. Kwa hiyo chagua mchanga mweupe ulio wazi, waulize wenyeji wa hapo kabla hujaingia, na usiingie peke yako. Hili silisemi kwa kutisha watu. Kuuliza wenyeji ni sehemu ya ufundi.

Kurusha, ambako wote wanakukimbilia, kunafundishika uwanja wa mpira jioni. Azima fimbo, mahali pa ndoano funga kipande cha uzi wa sufu, ujizoeze. Siri ni kungoja: mshipi unyooke nyuma yako kabla hujausukuma mbele. Wanaoanza huwahi, kisha huongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayoharibu. Na tusidanganyane kuhusu umbali. Anayeanza akiweza kuweka chambo mita kumi na mbili mbele, palepale alipokusudia, upepo ukiwa unavuma, anatosha kuvua. Siku atakaponunua, atafute fimbo ya futi 9 namba 8 (namba ni ya uzito wa mshipi inaoubeba), ndiyo inayomfaa anayeanza na samaki wa saizi hiyo, na kila akitoka baharini aioshe kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hula chuma.

Kuna jambo moja ambalo Kigoma haiwezi kumfundisha, nalo ni kupwa na kujaa. Ziwa letu hupanda na kushuka kwa miaka. Pale Ujiji walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji, na leo unatembea kabla hujayafikia. Bahari hufanya safari yake mara mbili kwa siku. Anayekwenda Mafia au Pemba akae na wavuvi wa huko, ajue bamvua, siku za maji makubwa, na maji mafu, siku za maji madogo, ajue maji yakigeuka arudi kwa njia gani. Kusimama kwenye fungu huku mkondo umeshajaa nyuma yako ni hatari ya kweli.

Nasikia wanaosema huu ni mchezo wa wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Wazee wa Ujiji wamevua kwa ndoano na mshipi wakiwa wamesimama majini tangu zamani, wakisoma rangi ya maji na kivuli, na maarifa yao ndiyo hayo hayo. Kilichobadilika ni chambo na fimbo.

Nina sababu nyingine ya kutaka vijana waingie majini kwa miguu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni haifiki mbali chini, na ule ukingo mwembamba wa maji mafupi ndio uzazi wa samaki wengi. Ndiyo ukingo huo huo ambao kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, hukwangua, viota na vifaranga pamoja. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na watu waliumia, nami naona ilistahili. Lakini miezi mitatu haimlindi kuhe anayelea watoto mwezi wa Desemba. Anayemlinda ni mtu anayejua kiota kiko wapi. Ningependa vikundi vya usimamizi wa mialo viwachukue vijana wa shule zilizo kando ya ziwa, viwatembeze kwenye maji ya magotini wakiwa na afisa uvuvi, na waweke alama kwenye viota watakavyoviona. Nikihitajika kuwatembeza, nipo.