Searching for Sugar Man: Filamu Tamu, Hesabu Pungufu

Filamu ya Malik Bendjelloul ya mwaka 2012, iliyotwaa Oscar mwaka uliofuata, inamsimulia Sixto Rodriguez, mwanamuziki wa Marekani, kupitia mashabiki wake wa Afrika Kusini waliomsaka. Albamu zake mbili, Cold Fact (1970) na Coming from Reality (1971), hazikuuzika Marekani. Akarudi Detroit kwenye kazi za kubomoa nyumba, huku vijana wa Kizungu chini ya utawala wa makaburu wakiziimba nyimbo zake na kuamini kwamba alijiua jukwaani. Mwaka 1998 akapanda jukwaani Cape Town, mzima wa afya.

Kasoro inayotajwa sana ni Australia, alikofanya ziara mwaka 1979 na 1981. Filamu haigusi kabisa. Wanaomtetea Bendjelloul husema wasimulizi wake hawakuzijua habari hizo, na kwa sehemu ya msako hoja hiyo inasimama. Ila Rodriguez akishapatikana, amekaa mbele ya kamera, kunyamaza huko ni uamuzi wa mwongozaji mwenyewe.

Panapouma zaidi ni pesa. Lebo (kampuni za kurekodi muziki) za Afrika Kusini zinadai zilipeleka mirabaha, yaani malipo ya msanii kutokana na mauzo, kwa Sussex, lebo ya Marekani iliyotoa albamu zake. Kamera inambana aliyekuwa mwenye Sussex, Clarence Avant, naye anawaka. Tukio linasisimua, na ni haki swali hilo liulizwe hadharani. Lakini mtazamaji haambiwi kwamba wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Kuna haki ya rekodi: kwa kawaida lebo hukata kwanza gharama za studio na malipo ya awali, ndipo msanii apate asilimia yake. Albamu isipouzika nyumbani deni la gharama hizo linabaki, na mauzo ya ng'ambo yasipoingizwa kwenye hesabu za msanii, halipungui hata kidogo. Halafu kuna haki ya utunzi, ambayo kwa kawaida haingoji deni la studio. Humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi, pamoja na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia tungo zake. Hapo ndipo jina likibadilishwa pesa hupotea njia. Mwaka 2014 kampuni ya uchapishaji wa muziki ya Gomba Music ilimshtaki Avant, ikidai tungo za Rodriguez zilifichwa chini ya majina mengine ili kukwepa mkataba aliokuwa nao na kampuni hiyo.

Kwa hiyo hasira za Avant hazikuthibitisha wizi, wala hazikumsafisha. Karatasi tatu zingetufikisha mbali zaidi: mkataba wa Sussex, taarifa za mauzo zilizotumwa kutoka Afrika Kusini, na usajili wa kila utunzi.