Kugawana waifai kwa hesabu za Nash: mwenye pa kukimbilia ndo anabeba kikubwa

Kwenye nyumba za kupanga za Ngamiani hapa Tanga siku hizi watu wanachangiana waifai, ruta inakaa chumba cha mbele kwa yule aliyelipia kufungiwa, wengine mnatoa hela sawa kila mwezi, na ikifika jioni ugomvi ni uleule, nani anamaliza mtandao. Ukimuuliza mtu wa IT anakuja na jibu kubwa, kwamba kuna nadharia ya kupatana ya John Nash, mwanahisabati wa Marekani, na ndo inatumika kugawa mawasiliano ya bila waya, kwa hiyo acheni kelele hesabu iamue. Mi hesabu yenyewe naikubali, ila ndani yake kuna kitu kimoja watu wanakipita mbio na hicho ndo kinaamua nani apate nini.

Nash alichapisha hiyo kazi 1950 akiwa na miaka 21 tu (Nobel alikuja kuipata 1994, akagawana na Harsanyi na Selten). Usichanganye na ile nyingine yake maarufu, ya kila mtu kuvuta upande wake mpaka hakuna anayefaidika kubadilisha peke yake, hii ya 1950 ni ya watu wanaokaa chini wapatane. Aliweka masharti manne ya mapatano yanayoeleweka, kwa mfano kusibaki kitu ambacho kingeweza kumfaa mmoja bila kumpunguzia mwenzake, na watu wanaofanana kwa kila kitu wapate sawa, na ukiyakubali yote manne jibu linabaki moja tu: chukua faida ya kila mtu juu ya kile ambacho angebaki nacho mkishindwana, zidisha, alafu tafuta mgao unaofanya hilo zao liwe kubwa kuliko yote.

Sasa tuilete nyumbani. Chukulia wapangaji wawili tu, wa mbele yuko karibu na ruta anashika megabiti 54 kwa sekunde akiachiwa muda wote peke yake, wa uani kuta tatu zimemkinga anashika 6 (ni spidi za kwenye karatasi, halisi huwa chini ya hapo lakini hesabu ni ileile). Ukitaka jumla kubwa kabisa unampa wa mbele kila kitu, 54 kwa sifuri, mkutano umeisha. Ukitaka spidi sawa inabidi wa uani apewe asilimia 90 ya muda, kila mtu anaambulia 5.4, yani mtu mmoja wa mbali kawashusha wote. Na hii sio stori ya kutunga, waifai ya kawaida kwa asili yake ndo inaelekea huku, inagawa zamu za kutuma sio muda, kwa hiyo kifaa cha polepole kikishika zamu kinakaa nayo weee. Watafiti Wafaransa walishalionyesha hilo 2003. Nash yeye, kama mkishindwana kila mtu anabaki na sifuri, anawapa nusu kwa nusu ya muda, wa mbele 27, wa uani 3. Zidisha uone: 27 mara 3 ni 81, wakati 5.4 mara 5.4 ni kama 29, na 54 mara sifuri ni sifuri.

Hapo ndo uzuri wake ulipo. Hakuna anayefutwa kabisa kwa sababu sifuri ya mmoja inaua zao lote, na hakuna anayewaburuza wenzake. Frank Kelly, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, miaka ya 1990 alionyesha kitu cha namna hiyo kwa njia nyingine, na minara ya simu inatumia wazo hilohilo kila siku, 4G inaamua zamu kila milisekunde kwa kuangalia nani ana hali nzuri sasa hivi ukilinganisha na alichokuwa akipata kwa wastani. Wanaosema nadharia ni ya darasani tu hapo wanakosea.

Tatizo langu ni hapo pa "mkishindwana". Tuseme wa mbele ana bando lake pembeni linalompa 20 hata akijitoa kwenye waifai ya nyumba. Rudia hesabu: sasa anapata 37, na wa uani anashuka kutoka 3 mpaka 1.9 hivi. Hakuna kilichobadilika kwenye ruta wala kwenye kuta, mchango ni uleule, kilichobadilika ni kwamba mmoja ana pa kukimbilia. Geuza kibao, mpe wa uani bando la 2 tu na wa mbele asiwe na kitu, wa uani anapanda mpaka 4 na wa mbele anashuka 18. Yani hesabu inamlipa mwenye uwezo wa kuondoka, ni yaleyale ya kupatana bei ya samaki pale Deep Sea, mwenye haraka ya kuuza ndo anaumia. Kama maelezo ya namna watu wanavyopatana, sawa, ni kweli tupu. Kama haki, hapana.

Wanaoitetea wana jibu, na si baya. 2005 mtafiti Zhu Han na wenzake waliposhughulikia kugawa masafa kwa watumiaji wengi hawakuweka pale bando la mtu, waliweka kiwango cha chini ambacho kila mtumiaji lazima akipate, alafu kinachobaki ndo kinapatanwa. Ukiweka chini ya 3 asiende mtu, wa mbele anapata 15 na wa uani 4.3. Mi hii naiunga mkono, lakini tusidanganyane kwamba ni bure, jumla imetoka 30 mpaka 19 na ushee. Na hiyo 3 nani kaipanga? Hesabu haijui, ni nyinyi.

Kuna na mengine ya kuudhi. Nadharia inachukulia mkishakubaliana mtatimiza, kwenye mnara sawa, mnara ndo bosi, ila nyumba na nyumba zilizobanana huku mtaani kila moja ina ruta yake na kwenye masafa ya waifai ya 2.4 GHz chaneli (njia za hewani) zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, hakuna wa kumshika mkono jirani aliyepandisha nguvu mpaka mwisho. Alafu kuna watafiti Kalai na Smorodinsky, 1975 walipinga sharti moja la Nash kwa sababu kuna hali ambapo cha kugawana kinaongezeka na bado mtu mmoja anapungukiwa, na walipendekeza njia yao, japo kwa mfano wetu wa wawili wanaogawana muda, wakianzia wote sifuri, majibu yanakuja sawa.

Ila kinachonikera zaidi ni kwamba hesabu zote hizi zinachukua ruta palepale ilipo. Isogeze tu ukumbini, tuseme wa mbele anashuka 54 mpaka 36 na wa uani anapanda 6 mpaka 24. Nusu kwa nusu ya muda wanapata 18 na 12. Jumla ni ileile 30, zao limetoka 81 mpaka 216. Wa mbele lakini kapoteza 9, na ndo yeye aliyelipia kufungiwa, kwa hiyo kabla ya kumtafuta mtu wa IT mkae kwanza mjue hizo 9 mnamfidia vipi, labda mchango wake wa mwezi upungue.