Kaye ya Mama mudogo na laibrari yangu ya biti 64

Mama mudogo wangu anauzaka sambaza, wale samaki wadogo, Kadutu, hapa Bukavu, na ana kaye moja inanuka samaki kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, ndani kuna majina ya watu anaowadai. Watu 43. Sasa mimi, juu nilikua nimejifunza C, lugha ya kuandikia programu, kama wiki mbili hivi, nikamwambia Mama achana na hiyo kaye, nakutengenezea programu.

Mtu mwenye akili angeandika mistari kumi ya Python, lugha ingine nyepesi, akaenda kulala. Python ya Guido van Rossum iko tangu 1991, kujumlisha inajua. Lakini mi nikaona hapana, Python iko polepole, hesabu nitaandika kwa C, nitaikompaili (kuigeuza iwe kitu masini inaelewa) iwe laibrari ya .so, faili ya hesabu tayari, Python iwe inaiita tu, haraka haraka! Haraka ya nini kwa watu 43, hadi leo sijui.

Siku ya kwanza gcc, programu ya kukompaili C, ikanigomea: faili Python.h haiko. Nikatafuta masini nzima, wapi! Kumbe Python ya kutumia na Python ya kujengea ni vitu viwili, heda zake zinakaa kwenye pakiti yake peke yake, python3-dev, na hiyo unaishusha kwa mega za intaneti. Mega sina. Nikakopa kwa Mama faranga 5000, nikasema ni ya heda.

"Heda njo nini? Inakuliwaka?"

Nikamwambia Mama, ni faili inayoionyesha C majina ya vitu vya Python. Akanitazama vile mtu anatazamaka sambaza ya juzi.

Nikakompaili. Kimya, hakuna kosa hata moja, nikaruka, nikaita hadi jirani. Kumbe hicho kimya njo mtego: nilikua na faili mbili, deni.c na siku.c, na kwenye kulinki, kuziunganisha ziwe laibrari moja, niliweka moja tu, na ukishaandika -shared linka haikuulizi kitu, fanksheni (kipande cha programu) isiyokuwepo inaiwekea sahani mezani ikidhani mgeni yuko njiani. Njaa inakuja kuonekana ukiiita laibrari ndani ya Python, import deni: undefined symbol: hesabu_siku. Sawa, nikaongeza siku.c. Sasa Python ikasema haioni PyInit_deni, fanksheni inayopitia kuingia kwa laibrari, na hiyo ilinikula usiku mzima, umeme ukakatika mara mbili, nikaendelea na betri hadi nayo ikafa, asubuhi njo naona ndani ya C nimeandika PyInit_madeni. Juu ya hiyo "ma" tu! Faili ikiitwa deni, mlango lazima uitwe PyInit_deni, herufi kwa herufi, hakuna undugu.

Jumamosi kwa laptopu yangu yote ikatembea kama maji. Nikaweka .so kwa flashi, nikapanda Kadutu, kwa ile masini ya zamani mpangaji mmoja alimwachiaga Mama. Watu wakajaa mlangoni, hata ule papa mwenye deni kubwa kuliko wote akaja, akakaa kiti cha mbele. Nikakohoa kidogo kama profesa, nikabonyeza.

ImportError, halafu: wrong ELF class: ELFCLASS64.

Laptopu yangu ni ya aina ya biti 64, ile masini ya Mama ina Linux, mfumo unaoiendesha, ya aina ya biti 32, na laibrari iliyokompailiwa kwa moja haiingii kwa ingine hata uiombe na magoti. Na nilikua najua! Nilisomaga hiyo, nikaelewa, nikasahau. Kuikompaili upya pale pale haiwezekani, gcc haiko, heda haziko, ni mega tena.

Mama akasogea, vidole vina magamba ya samaki, akasoma polepole ile ya mwisho.

"Kalasi ya 64? Mutoto yangu, mi niliishia kalasi ya 6, na madeni yangu nayajua yote."

Watu wakaanguka. Ule papa akapata nguvu, akasimama: "Mama, masini yenyewe imekataa kunidai, mi ni nani nibishane na masini?"

Mama hata kaye hakufungua. "Weye, basani tatu na nusu, tangu Pasaka. Kaa."

Akakaa.

Halafu njo akaifungua kaye, akalamba kidole, akageuza hadi ukurasa wa mwisho, akaandika taratibu huku akisoma kwa sauti watu wote wasikie: 44, jina langu, mega ya heda, faranga 5000.