Willie Wiredhand na transfo za Bukavu

Januari 1957, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilitoa uamuzi juu ya jambo ambalo ukilisikia kwa mara ya kwanza utacheka: je, katuni mbili za umeme zinafanana kiasi cha kumchanganya mteja? Ya kwanza ilikuwa Reddy Kilowatt, kijitu chenye mwili wa radi na pua ya balbu, kilichobuniwa mwaka 1926 na Ashton Collins wa Alabama Power na kutumiwa na kampuni za umeme za wenye mitaji. Ya pili ilikuwa Willie Wiredhand, aliyechorwa mwaka 1950 na Andrew McLay: kichwa soketi ya taa, mwili waya, chini plagi, mikononi glavu za kazi. Willie ni wa koperative, yaani vyama vya ushirika, za umeme za vijijini. Koperative hizo zilikuwa zimeomba kumtumia Reddy, zikakataliwa, zikachora wa kwao. Collins akaishtaki mojawapo, Mid-Carolina ya South Carolina, na akashindwa. Willie anatumika hadi leo.

Kwa nini tumzungumzie Willie hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo? Kwa sababu kila delestaje, yaani mgao wa umeme, inapozidi, mazungumzo huishia palepale: wengine wanasema tuunde koperative, wengine wanasema kampuni zijifunze kwanza kuongea na watu, ziwe na sura, ziwe na alama inayopendwa na watoto. Mimi naona hoja hizi mbili zinachanganywa mno.

Tuanze na sura, maana wanaoitetea hawakosei kabisa. Ruzizi I, bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, liko pale maji ya Ziwa Kivu yanapoanza kushuka. Mvua ikinyesha, mifereji ya milimani kwetu inasomba chupa za plastiki hadi ziwani, na mkondo unazipeleka moja kwa moja kwenye bwawa. Kuna watu ambao kazi yao ni kuzizoa kwa mitumbwi, na wapiga mbizi wanaoshuka chini kuzing'oa, kwa sababu zikinasa, mashine inasimamishwa na mtaa unakosa umeme. Anayetupa chupa mferejini Kadutu hajui kwamba anajizimia taa. Ongeza nyaya za wizi zinazopita juu ya mabati, na moto unaoteketeza nyumba za mbao zilizobanana. Katuni moja inayoeleweka na mtoto wa darasa la pili ingefanya kazi ambayo matangazo ya kampuni, yaliyoandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, hayajaifanya.

Lakini Willie hakuwaletea wakulima umeme. Alikuta umeshafika.

Katikati ya miaka ya 1930, shamba moja tu kati ya kumi hivi nchini Marekani lilikuwa na umeme, wakati mijini karibu kila nyumba ilikuwa nao. Kampuni zilisema kupeleka waya kijijini hakulipi. Mwaka 1935 Rais Roosevelt akaunda idara ya umeme wa vijijini, sheria ikafuata mwaka 1936, na serikali ikaanza kukopesha vyama vya wakulima wenyewe. Mwaka 1944 riba ikawekwa asilimia 2 kwa miaka 35. Mkulima aliingia kwa kiingilio kidogo, mara nyingi dola 5, akawa na kura moja, sawa na jirani yake mwenye ng'ombe mia. Ziada ya mwaka huandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na umeme alioutumia, na hurudishwa baadaye, ingawa huweza kuchukua miaka mingi. Leo koperative hizo ni karibu 900.

Sasa tazama kwetu. Transfo (transfoma) ya avenyu, yaani ya mtaa, ikiungua, kampuni ya umeme inasema haina nyingine. Shefu wa avenyu anaita mkutano, daftari linafunguliwa, kila nyumba inaandikiwa kiasi chake. Mama anayeuza fretini, vile visamaki vidogo, anatoa, mwalimu anatoa nusu na kuomba mwisho wa mwezi. Pesa zikitimia, transfo inanunuliwa, mafundi wanalipiwa hata usafiri, taa zinawaka, watu wanapiga kelele za furaha. Kuanzia siku ile transfo ni mali ya kampuni, na waliochanga wanaendelea kulipa fakitire (bili) kama mtu ambaye hakutoa hata faranga. Ikiungua tena, daftari linafunguliwa tena. Yaani mzigo wa mwanachama tunao tayari. Kura, hisa na hesabu ya mwisho wa mwaka ndivyo hatuna.

Wanaopinga koperative wana hoja nzito, na sipendi zinapopuuzwa. Kwanza, mtaji. Matebe, mtambo wa umeme wa maji kule Rutshuru, takriban megawati 13, ilizinduliwa Desemba 2015 na mbuga ya Virunga kwa pesa za wafadhili. Hakuna kijiji kilichochanga wala kupiga kura, na taa ziliwaka hadi Goma. Mkopo wa miaka 35 kwa riba ya asilimia 2 hapa ataupata nani, kwa nani? Pili, imani. Watu wameona COOPEC, koperative za akiba na mikopo, zikifunga milango na akiba ya wanachama ndani. Tatu, vita. Waasi wa AFC/M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifunga, na mfuko wa koperative usio na benki ni sanduku chini ya kitanda cha mweka hazina.

Na Marekani kwenyewe si peponi. Katika koperative nyingi wanaokuja kupiga kura ni wachache sana, na bodi hukaa miaka na miaka. Kusini, Waamerika weusi walilipia umeme kwa miongo huku wakiwa karibu hawaonekani kwenye bodi. Kwetu nafasi ile ingeweza kushikwa na jamaa za mtu mmoja mkubwa, na wanawake, ambao ndio wanaochanga, wakabaki kuleta viti.

Hata hivyo, sioni hoja hizi zikiizuia koperative ndogo. Hakuna anayeomba kujenga Ruzizi nyingine kwa michango. Sheria ya Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wengine, na sheria ya mwaka 2010 juu ya koperative ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, inatuhusu tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2012. Avenyu inaweza kuandikisha koperative inayomiliki transfo na nyaya zinazoenda majumbani, ikanunua umeme kwa mita moja kubwa na kuugawa yenyewe. Pesa ni zilezile za daftari. Kinachobadilika ni kwamba kila anayetoa anapewa risiti yenye jina lake na namba ya hisa. Wizi wa umeme nao ungegeuka wizi kwa jirani, na jirani anajua waya umepita wapi.

Ugumu mkubwa ni bei kwenye mita ile kubwa. Lazima iwe chini ya bei ya nyumba moja moja, la sivyo koperative haitapata hata cha kubadilishia nguzo iliyooza. Hapo kampuni ndiyo yenye neno, na haina haraka yoyote ya kuwauzia kwa jumla watu ambao hadi leo wanaipa transfo bure.