Geiger hakumtafuta Bibi Titi peke yake

Kila Desemba ikikaribia, picha za Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, hurudi mitandaoni. Chini yake watu huandika yale yale: mama wa uhuru, mwanamke wa chuma. Mara nyingi huongezwa sentensi mbili tatu za maisha yake, na ukizifuatilia zilikotoka unafika kwa Susan Geiger, Mmarekani aliyekuwa profesa wa masomo ya wanawake Chuo Kikuu cha Minnesota. Bibi Titi alifariki Novemba 2000. Geiger akamfuata mwaka 2001.

Kutotajwa kwa jina la Geiger hakunisumbui sana, maana mitandaoni nani anataja chanzo? Kinachonikera ni kwamba tunachukua kazi yake na kuigeuza kichwa chini miguu juu. Yeye alihangaika kutuonyesha kundi, sisi tukatoka na shujaa mmoja, tukampa barabara, tukamaliza.

Nilikisoma kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU nikiwa chuo, kwa kopi iliyofifia kiasi kwamba kurasa nyingine nilizisoma kwa kukisia. Nilikuwa nimetoka sekondari na historia moja kichwani: wasomi walirudi kutoka masomoni, wakaunda chama tarehe 7 Julai 1954, wakawaamsha wananchi. Wanawake katika historia hiyo walikuja mwishoni, wakipiga vigelegele.

Geiger alianza na swali la kawaida kabisa. Chama kilikuwa kichanga, waraka wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1953 ulikuwa umewapiga marufuku watumishi wa serikali kujiingiza kwenye siasa, na wasomi wengi walikuwa watumishi hao hao. Basi nani alizunguka mitaani kuuza kadi? Msomi mwenye mshahara alikuwa na cha kupoteza. Mama anayepika pombe, anayechoma vitumbua au anayepangisha chumba Kariakoo, mwajiri wake ni nani wa kumfukuza?

Kisa cha mwaka 1955 wengi wanakijua. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipita Dar es Salaam, akauliza kama TANU ina tawi la wanawake. Akajibiwa lipo. Akaomba kuliona, na hapo ndipo mbio zilipoanza, maana halikuwepo. Titi, ambaye kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16, ndiye aliyeletwa mbele. Baadaye akawa mwenyekiti, na Tatu binti Mzee akawa naye kwenye uongozi. Kufikia Oktoba mwaka huo huo inasemekana walikuwa wameingiza wanawake 5,000.

Hapo ndipo wasimulizi wetu husema "kipaji" na kuendelea mbele. Geiger aligoma kuendelea. Watu 5,000 ndani ya miezi michache, mjini, bila gari, bila redio ya chama, na kiongozi mwenye elimu ya darasa la nne: hilo haliwezi kuwa kipaji cha mtu mmoja. Jibu alilipata kwenye ngoma. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma, na vikundi vya aina hiyo, lelemama (ngoma ya wanawake wa pwani) na vinginevyo, vilikuwa vimeuenea mji. Vilikuwa na viongozi, michango, sare na ushindani mkali, na ndani yake Mzaramo alikaa na Mmanyema na Mdigo wakisema Kiswahili kimoja. Ukimpata kiongozi wa ngoma umewapata watu wake wote. Kwa hiyo hoja ya Geiger, kama ninavyoielewa, ni kwamba wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na wasomi. Ule umoja wa kuvuka makabila ambao chama kilikuwa kinauhubiri, wao walikuwa wanauishi tayari uwanjani, jioni, wakiwa wamevaa kanga za doti moja.

Kulifikia jibu hilo kulihitaji mtu asiyeheshimu sana mipaka ya fani. Mwanahistoria wa kawaida angekwenda kwenye nyaraka, na nyaraka za wakoloni hazikujali mama muuza vitumbua. Mtu wa siasa angetafuta mihtasari ya vikao. Ngoma ingeachiwa watu wa sanaa, na ndoa na talaka wangeachiwa watu wa ustawi wa jamii. Geiger alivichanganya vyote. Aliuliza nani ameachika na nani ana nyumba yake mwenyewe, maana mwanamke asiyehitaji ruhusa ya mume kulala safarini ndiye aliyeweza kwenda mikoani kufungua matawi. Hayo ndiyo masomo ya jinsia yanapofanywa sawasawa, ingawa siku hizi neno "jinsia" limebaki la semina, chai ya saa nne na posho.

Tena hakuishia Dar. Alikwenda Moshi kumsikiliza Halima Selengia, akaenda Mwanza kwa Agnes Sahani na wenzake. Jaribu kuyataja majina hayo kwenye kijiwe chochote uone wangapi watajua unamzungumzia nani.

Najua swali linalokuja: kwa nini tusimuliwe na mzungu? Ni swali halali, na yeye mwenyewe aliandika sana kuhusu ugumu wa mtu mmoja kukusanya maisha ya mwingine na kuyaweka kitabuni. Hakuwa mgeni wa wiki mbili. Hata shahada yake ya uzamivu aliipatia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuandika siasa za Wachaga. Lakini kwangu swali linalouma zaidi ni la tarehe. Alikaa na Bibi Titi mwaka 1984. Titi alikuwa ametoka gerezani tangu 1972, baada ya ile kesi ya uhaini ya kutuhumiwa kutaka kuipindua serikali, na alikuwa akiishi mji huu huu wenye chuo kikuu, magazeti na redio. Alikuwa jirani wa watu. Miaka 12 ilipita, nasi tuliona afadhali tusimuulize. Woga nauelewa, lakini sikubali kwamba ulikuwa woga peke yake. Tulikuwa tumeshaamini kwamba hadithi imekwisha kusimuliwa.

Ndiyo maana makongamano ya kumuenzi, yenye mabango na hotuba ndefu, hayanivutii sana. Mwaka juzi nilichukua simu nikaenda kwa bibi yetu mmoja, dada wa bibi yangu mzaa mama, anayekaribia miaka 90. Nikamuuliza kuhusu siasa za zamani. Akanijibu siasa haijui, yeye alikuwa anacheza ngoma tu. Nikakumbuka kosa la kuanza na neno "siasa", nikauliza upya: kwenye ngoma, mchango alishika nani? Akakaa vizuri. Alizungumza hadi adhana ya alasiri. Nani alishika fedha, nani alizila, fedha za nani zilikwenda kununulia kadi za TANU bila mume kujua, na ugomvi gani ulizuka pale kundi moja lilipotaka kukaa mbele siku ya mkutano wa Mnazi Mmoja.

Nina saa tatu na dakika kadhaa za sauti yake, na saa moja ya shoga yake, ambaye amefariki Ramadhani iliyopita. Nimeandika karibu yote. Zimebaki beti nne walizoimba pamoja, zenye fumbo nisilolijua, na huyu aliyebaki kila nikimuuliza maana yake anacheka na kufunika uso kwa kanga.