Mbwa wa Mpangaji Mmoja, Uwanja wa Wapangaji Sita

Kwenye nyumba za kupanga za Arusha, iwe Ngarenaro, Sombetini au Unga Limited, ambako vyumba vinatazamana na bomba liko katikati, mwenye mbwa akilalamikiwa huwa na jibu moja: "Huyu anatulinda wote." Jibu hilo lipimwe kabla ya kukubaliwa. Mlinzi wa wote huchangiwa na wote. Wapangaji wakikaa chini wakaafikiana, wakachanga hela ya chanjo na unga, wakajua nani anamfungulia usiku na nani anamfunga alfajiri, hapo mbwa ni wa nyumba. Kama ulimleta jioni kwenye boksi ukamfunga kwenye nguzo ya kamba za kuanikia bila kumwuliza mtu, huyo ni wako, na kila anachofanya uani ni deni lako peke yako.

Najua wafugaji hawapendi kusikia hivyo. Wizi upo, na geti lenye mbwa nyuma yake humfanya mwizi afikirie mara mbili. Lakini mbwa aliyefungwa kwenye njia ya chooni hamlindi jirani wa chumba cha mwisho. Anamnyima usingizi, na jirani huyo akibanwa na haja saa nane usiku, mbwa anamfungia njia.

Kelele ndizo hupeleka watu kwa mwenyekiti wa mtaa mapema kuliko kitu kingine. Na mara nyingi hazitokani na ukali wa mbwa, zinatokana na mnyororo. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo wa mita moja na nusu hana pa kukimbilia mtu akimkaribia, kwa hiyo hujifunza kumfukuza kila mpita njia kwa mdomo. Akibweka, mpita njia anaenda zake, naye anaamini amefanikiwa; kesho anabweka zaidi. Dawa yake si fimbo. Funga waya mgumu wa mita tano au sita kati ya nguzo mbili, upitishe pete, mnyororo ufungwe kwenye pete ili aweze kutembea. Weka vizuizi ncha zote mbili za waya asije akajizungusha kwenye nguzo na kujinyonga. Kama geti ni la nondo, funika sehemu ya chini kwa bati au turubai, kwa sababu kinachombwekesha usiku kucha ni miguu ya watu na taa za bodaboda anazoziona barabarani. Mtembeze nusu saa alfajiri, mlishe mara mbili kwa siku, chakula cha pili kiwe mnamo saa tatu usiku. Mbwa aliyeshiba na kuchoka hulala.

Banda nalo lina namna yake. Kwa mbwa wa kienyeji wa kilo ishirini, sakafu ya sentimeta 120 kwa 80 na kimo cha sentimeta 90 inamtosha. Liinuliwe kwa tofali moja kutoka chini, maana masika uwanja hugeuka tope, na Juni na Julai baridi ya Arusha hupanda kutoka sakafuni. Mlango usielekee mlango wa mtu. Na banda likae mbali na bomba; hili ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye ugomvi wa kina zaidi.

Arusha na Moshi Waislamu na Wakristo hupanga nyumba moja na kuchota maji bomba moja. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi kwetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu hakuna neno. Tatizo ni majimaji. Mbwa anapokunywa kwenye ndoo ya jirani, au anaponyeshewa kisha akajikung'uta karibu na mkeka na kanga zilizoanikwa, amempa mtu kazi ya kufua upya kabla ya sala. Mwenye mbwa akicheka na kusema "ni maji tu hayo", ugomvi umeacha kuwa wa mbwa, umekuwa wa heshima, na wa heshima hauishi kwa kuomba radhi mara moja. Kwa hiyo asiogeshwe kwenye karo la kufulia, sufuria yake isisuuzwe hapo, na ndoo za watu ziwe na vifuniko au ziwekwe juu ya kibaraza. Mama mwenye ndoo halazimiki kueleza dini yake ili aheshimiwe. Hata asiye na dini hataki mbwa anywe maji yake.

Kinyesi kiokotwe kila siku asubuhi, siyo Jumamosi. Sababu ni hii: mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa hayaambukizi yanapotoka. Yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndipo yakomae, na yakishakomaa yanaweza kukaa humo miaka. Minyoo ya safura ya mbwa ina haraka zaidi. Ndani ya wiki moja viluwiluwi vyake viko tayari kupenya ngozi ya mtoto anayecheza peku, na vinaacha mistari myekundu inayowasha. Anayeokota kila siku ameikata njia hiyo. Anayefagia mara moja kwa wiki anasambaza. Chota kwa koleo pamoja na udongo kidogo wa juu, utumbukize kwenye choo cha shimo, au ufukie mbali na bustani. Usikitupe kwenye mchicha ukidhani ni mbolea. Mkojo kwenye saruji uoshwe kwanza kwa maji mengi na sabuni. Ukimwaga jiki moja kwa moja juu ya mkojo unatoa hewa inayochoma macho na kifua, na jirani mwenye pumu ndiye wa kwanza kuisikia.

Dawa ya minyoo mtoto wa mbwa hupewa kila wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, na mbwa mkubwa kila miezi mitatu. Mapafu na maini ya machinjioni yachemshwe. Yale malengelenge ya maji unayoyaona kwenye mapafu ya mbuzi na kondoo ni minyoo inayosubiri kuingia tumboni mwa mbwa, halafu kutoka kwake ije kwa watu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi isifungiwe kabatini: mwonyeshe kila mpangaji. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kumwuliza chanjo inatolewa lini na wapi. Mimi naona mwenye nyumba angeidai kadi hiyo kama anavyodai kodi, kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishamtokea mtu, huo ni msiba.

Akiuma, hata kwa mchezo, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani; shika saa. Hakuna kupaka pilipili, mafuta ya taa wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Siku ileile mtu aende hospitali, apate sindano ya kwanza, arudi siku ya 3 na ya 7, na nyingine kama atakavyopangiwa. Gharama na nauli ni za mwenye mbwa, akubali au asikubali kwamba mtoto "alimchokoza". Na mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe, atazamwe siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Mbwa aliyepigwa mawe na kufukiwa siku ileile amezikwa na jibu ambalo daktari alilihitaji.

Wewe unayelalamika nawe una wajibu. Usipige kelele dirishani saa saba usiku. Andika kwa wiki nzima: alibweka saa ngapi, kwa muda gani, nani alikuwa anapita. Mfuate jirani mchana, ukiwa na karatasi yako. Akipuuza, nenda kwa mwenye nyumba, kwa sababu mkataba uko kwake. Kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Suala la chanjo au kuumwa mpelekee pia afisa mifugo. Mkimaliza mambo kwa maneno matupu mtaanza upya mwezi ujao, kwa hiyo kila mlichokubaliana kiandikwe na wote waweke sahihi.

Kuna wanaoona njia hiyo ni ndefu wakachagua nyama yenye sumu. Sumu ya wadudu iliyopakwa kwenye utumbo haichagui: kuku anadonoa, mtoto wa miaka miwili anaokota. Halafu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, kwa hiyo aliyekuwa na malalamiko ya haki anageuka mshitakiwa.

Kwenye makubaliano yenu msisahau Desemba. Mpangaji wa Arusha aliyetoka Rombo au Marangu atapanda gari kwenda kula sikukuu nyumbani, na mbwa atabaki kwenye waya na sufuria ya ugali unaochacha. Iandikwe nani atamlisha, kwa hela ya nani, na namba ya simu ya kupiga akiugua. Kama ni jike, iandikwe pia atafungiwa wapi zile wiki tatu za joto, maana madume ya mtaa mzima yatalala getini, na siku 63 baadaye uwanja wa wapangaji sita utakuwa na mbwa saba.