Shemeji na Lori la Kukodi

Shemeji yangu hajapata kukutana na kazi asiyoijua. Tulipokodi lori la kuhamisha vyombo, na njia yenyewe inapita milimani, alijiteua mkuu wa msafara kabla sijauliza. Mwenye lori alituelekeza vizuri tu: vizito vikae mbele karibu na kabini, vyepesi nyuma, vyote vifungwe kamba. Shemeji aliitikia kila neno. Mwenye lori alipogeuka tu, akatanguliza magodoro mbele, kabati na friji akaviweka mlangoni bila hata uzi.

"Tukifika, vizito vinatoka kwanza tukiwa bado na nguvu," akasema.

Mlima ulipoanza, pua ya lori ikawa nyepesi, usukani unazunguka bila ubishi. Nyuma kabati likaanza maisha yake. Kona ya kushoto, gubu! Kona ya kulia, gubu! Kilichotisha zaidi ni ule ukimya wa katikati, unapolisikia linajikokota kwenda kujiandaa. Mshale wa joto ukapanda, nikazima kiyoyozi, tukajikongoja pembeni huku shemeji akiwapungia mkono wanaotupita kama mgombea ubunge.

Kileleni nikarudisha gia ya pili. Kwenye dashibodi palikuwa na kibandiko kinachoagiza hivyohivyo, ila shemeji alikuwa amekifunika kwa kofia yake.

"Tia frii, lishuke lenyewe! Gia ndogo inakula mafuta."

Injini nyingi za siku hizi hukata mafuta zenyewe ukishuka na gia huku mguu umetoka kwenye eksileta. Kwenye frii ndiko zinakoendelea kunywa ili zisizimike. Haya, mweleze wewe. Huyu ni kaka wa mke wangu, na usiku nalala nyumbani. Tukakubaliana gia ya nne.

Gia ya nne haikuzuia kitu. Mguu ukahamia kwenye breki moja kwa moja, na harufu ikaanza. Shemeji akanusa, akainama kutazama viatu vyangu.

"Umevaa soksi gani?"

Akafungua dirisha. Harufu ikaja kwa wingi zaidi. Kwenye kioo cha pembeni naona gurudumu la nyuma linafuka moshi. Nikakanyaga tena, pedali ikazama taratibu mpaka chini: mafuta ya breki yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke ukiukandamiza unabonyea tu, nguvu haifiki kwenye gurudumu.

Tangu asubuhi, hapo ndipo shemeji aliponyamaza kwa mara ya kwanza. Nikapiga gia ya tatu, injini ikanguruma, mwendo ukapungua kiasi cha kunipa nafasi ya kuiona ile njia ya pembeni inayopanda, iliyojazwa kokoto kwa ajili ya malori yaliyokosa breki. Nikaingia. Kokoto zikameza magurudumu, lori likasimama.

Kabati halikusimama. Tulilisikia likitoka mlangoni, likija mbele na friji yake, tukainamisha vichwa wote wawili. Puu! Likatua kwenye magodoro.

Shemeji akafumbua jicho moja.

"Sasa umeelewa kwa nini niliyatanguliza?"

Nikiwa nje najadili bei na mwenye gari la kuvuta, yeye alikuwa kwenye simu na dada yake. Nikapewa simu niongee.

"Mume wangu," akasema mke wangu, "umemshukuru kaka?"